Bunduki ya Mashoto

Kila Idi kubwa ile bunduki ilimpiga Marhoon kofi. Akirudi Maskati kutoka kijijini kwa wazee, shavu la kulia limevimba, limeiva kama zambarau, na mkewe Masouda humkanda kwa kitambaa cha maji ya moto na chumvi huku anamsema.

"Baba yako kafa zamani, na bado anakurudi."

"Kanda tu, mke wangu."

"Nakanda. Lakini mtu mzima na pencheni yako, unakwenda kupigwa makofi na maiti!"

Walikuwa wakicheka. Hayo yalikuwa ya kabla ya Idi ya mwaka jana. Tangu Idi ile, katika nyumba yao ya Al Khuwair bunduki haitajwi, na anayelazimika kuitaja husema "kile kitu".

Bunduki yenyewe ilikuwa nzuri, mtu asiseme. Ya marisau, zile punje ndogo ndogo, midomo miwili, kazi ya Kibelgiji, kitako cha mti wa mjozi kilichosuguliwa na mikono mpaka kikang'aa kama tende, na shingoni kimezungushiwa bamba la fedha lenye nakshi za majani. Mzee Suud, babake Marhoon, aliipata kwa tuzo. Wakati huo ndiyo kwanza katoka Unguja na wanawe, Kiarabu chake cha msikitini, na jamaa zake wa kule nyuma ya milima wakimwita "bwana nazi". Siku ya Idi wanaume wa ukoo hujipanga mstari, kila nyumba na bunduki yake, wakapiga shabaha: jiwe jeupe lililowekwa juu ya jabali. Wakampa Suud bunduki ya kuazima, wapate kucheka. Akaiweka bega la kushoto, maana alikuwa mashoto, wakacheka zaidi. Akalipasua jiwe.  Mwenyeji wa Idi ile alikuwa ameahidi bunduki ya marisau kwa mshindi, basi hana budi akaitoa, na toka siku hiyo nyumba ya Suud ikawa na nafasi yake katika mstari. Hakuna tena aliyeuliza hawa ni kina nani.

Mzee hakuitumia hivi hivi. Aliipeleka kwa fundi, na fundi akakipasha kitako kwa mafuta ya moto, taratibu, kitambaa baada ya kitambaa, hata mti ukalegea, akaupinda kuelekea kushoto upate kulala sawa na shavu la mtu mashoto. Ilimkaa mzee kama kiatu kilichoshonewa mguu wake. Alipokufa akairithi Marhoon, na Marhoon ni mtu wa kulia.

Kitako kilichopindwa kushoto, ukikiweka bega la kulia, jicho halikai juu ya mtutu. Wewe unaangalia huku, bunduki inaangalia kule. Marisau huchepuka kushoto, na kitako kikirudi nyuma kinakupata shavuni. Fundi Sleiman, mwenye karakana yake mtaa wa Ghala, aliwahi kumwambia, "Niachie asubuhi moja tu, nikupindie upande wako." Marhoon akakataa. Kitako kapinda baba. Tena kule mstarini jamaa wana macho. Wangesema ehee, nyumba ya bwana nazi imeshindwa na bunduki yake. Basi akajizoeza kulenga kulia kwa jiwe ili alipate jiwe. Mara alilipata, mara alilikosa, na shavu halikukosa hata mara moja.

Sasa kule kijijini pana ada. Mtu anapopiga, mwanawe ndiye anayekwenda karibu na jiwe, akajificha nyuma ya mwamba, akapaza sauti limepigwa au halikupigwa. Mwana wa mpigaji mwenyewe, si mtoto wa mtu mwengine, ili mpigaji awe na hadhari. Walioiweka ada hiyo walidhani baba hawezi kumkosea mwanawe. Na walikuwa na bunduki za risasi moja, na risasi moja ina njia moja. Marisau hutawanyika kama mtama unaomwagiwa kuku. Hilo kila mmoja alilijua na hakuna aliyelifikiri, kwa sababu bunduki ya Suud ilikuwa tuzo, na tuzo haiambiwi itoke mstarini.

Idi ya mwaka jana aliyekuwa nyuma ya mwamba, upande wa kushoto, ni Loai, mtoto pekee wa Marhoon na Masouda. Marhoon alipiga. Punje moja iligonga jabali ikaruka. Punje moja, haizidi dengu. Loai hakusema limepigwa wala halikupigwa. Alitoka nyuma ya mwamba kaziba jicho la kulia kwa kiganja, anakwenda pole pole, kainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Madaktari walihangaika, jicho likaenda. Watu wakaja nyumbani makundi kwa makundi kama wanaokuja matangani. Wakamwambia Marhoon ni kudra, wakamwambia Loai ni kudra, wakamwambia Masouda ashukuru hayakwenda yote mawili. Wakanywa kahawa, wakaondoka. Neno lile likafunika kila kitu kama kawa juu ya sahani, na hakuna aliyefunua kuona chini yake mna nini.

Loai alikuwa akikereza vyuma kwenye gereji moja Ghala, kazi inayotaka jicho kali. Sasa wamemweka kaunta, anauza bolti na mipira ya mabomba. Akimimina chai, nyengine inaanguka nje ya kikombe, basi kaacha kumimina mbele za watu. Na chakula anakula chumbani kwake. Masouda humpelekea sahani, huirejesha sahani. Kwenye sinia la sebuleni wanakaa wawili, mume na mke, na upande wa tatu mkeka mtupu.

Marhoon alijiambia: kijana hawezi kukaa sinia moja na mimi maadamu kile kitu kimo ndani. Kikitoka, atatoka chumbani. Aliling'ang'ania wazo hilo kama mgonjwa anavyong'ang'ania dawa ambayo jirani kamwambia ilimponya mtu. Hakuwa akitaka jengine duniani ila kumwona mwanawe anatia mkono katika sinia.

Basi ilipokaribia tena Idi kubwa, akampigia simu binamu yake wa mbali, Hatem. Huyu ni mtu wa kule kijijini, tajiri, mwenye kupenda vitu vya zamani; mamake kazaliwa Wete, Pemba, kwa hivyo Kiswahili anacho, cha kuombea maji. Akaja siku ya pili baada ya alasiri, kanzu inanukia udi, akakaa sebuleni, akapewa halwa na kahawa. Marhoon akaitoa bunduki katika shuka lake, akailaza juu ya meza.

"Mashallah," akasema Hatem, akaigusa fedha kwa kidole kimoja. "Wallahi, ya Marhoon, mimi toka mtoto naitaka hii. Babu yangu ndiye aliyeitoa siku ile, akafa na kinyongo, anasema bunduki yetu kachukua mtu wa nazi."

"Haya, sasa irudi kwenu."

"Usikasirike."

"Sikukasirika. Ichukue tu. Karatasi za serikali tutakwenda pamoja."

"Mimi sitapiga nayo, usiwe na wasiwasi. Ntaitundika. Pale majlis kwangu, ukuta mkubwa ule, unaujua? Nimeweka majambia ya babu, nimeweka panga. Katikati pametaka kitu. Mgeni akiingia, cha kwanza jicho lake..." Akasita. "Cha kwanza ataona hii."

 Marhoon alikuwa akisikiliza mlango wa nje, maana saa za Loai kutoka kazini zilikuwa zimefika, naye alitaka biashara imalizike kabla. Hatem akanyosha mkono ili wapeane, biashara ithibiti. Marhoon naye akanyosha wake. Ndipo Loai akaingia.

Alisimama mlangoni na mkebe wake wa chakula cha mchana. Kijana mrefu, mabega ya babu yake. Lile jicho halikufunikwa. Lilikuwa jeupe, tulivu, kama la samaki aliyekwisha kupikwa.

"Asalaam alaykum, ami Hatem."

"Waalaykum salaam, mwanangu. Hujambo? Kazi?"

"Alhamdulillahi. Umekuja kuichukua?"

Hatem akamtazama Marhoon. Marhoon akatazama kahawa.

"Nimekuja kuitazama," akasema Hatem. "Kwangu itapumzika. Ukutani tu."

"Na wageni wakiuliza bunduki hii ina khabari gani, utawaambia nini?"

"Ntawaambia ya babu yako. Alivyolipasua jiwe."

"Na wakisema hadithi nzuri, na mwisho wake?"

"Loai, mwanangu, yale ni kudra."

"Nnajua kudra, ami. Nimeambiwa na watu wengi. Nauliza tu, kwa sababu jicho langu halijawahi kutundikwa ukutani kwa mtu, nataka kujua litakaa upande gani, upande wa majambia au upande wa panga."

 Hatem akasimama akasema magharibi imekaribia, atakwenda msikitini, atarudi. Akavaa viatu vyake pale mlangoni kwa haraka, kisigino kimoja kakikanyaga.

Wakabaki baba na mwana na kile kitu juu ya meza. Loai akaweka mkebe chini, akaifungua mitutu, akachungulia kama ni mitupu, akaifunga. Halafu akainyanyua. Aliiweka bega la kushoto; lipo bega gani jengine kwake? Upande wa kulia hauna jicho. Shavu lake likateremka juu ya kitako likatulia mahali pake, hapana kupinda shingo, hapana kutafuta, na jicho lililobaki likakaa juu ya mtutu sawasawa kama mshumaa juu ya kinara.

Marhoon aliyaona hayo. Miaka yote aliyoibeba, haikumkubali hata siku moja. Na huyu hapa, imemkubali mara moja. Na aliyefanya imkae ni yeye Marhoon, kwa mkono wake, siku ya Idi, mbele ya watu. Fundi angepinda mti. Yeye alimpinda mtoto.

"Iweke chini, mwanangu," akasema Marhoon.

"Umeuliza watu wote," akasema Loai, bado anaangalia juu ya mtutu, ukutani, pasipo kitu. "Umemuuliza mama. Umemuuliza Sleiman itapata bei gani, aliniambia mwenyewe, alikuja kaunta kununua bolti. Umemuuliza ami Hatem. Mimi umeniuliza?"

"Nlidhani hutaki kuiona."

"Ulidhani."

"Hukai na sisi, Loai. Huli na sisi. Nlisema ikitoka..."

"Ikitoka nije nikae nile, tuwe kama haikuwa." Akaishusha bunduki, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua. "Nipe mimi."

"Uifanyie nini?"

"Niende nayo Idi. Nisimame mahali petu."

Masouda alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, na hapo hakuweza tena kujizuia. Akatoka na mikono yake ya unga.

"Thubutu!" akasema. "Thubutu, Marhoon! Jicho limebaki moja. Moja! Mtoto alizaliwa na mawili, nimeyahesabu mwenyewe."

"Mama..."

"Nyamaza! Unataka kwenda kuwaonyesha nini wale? Wale walikula nyama yao siku ile ile, wewe uko hospitali, wakala nyama yao!"

"Ndiyo maana nataka kwenda, mama. Walikuja hapa mmoja mmoja wakasema kudra, hakuna aliyenitazama usoni. Wanitazame wote kwa pamoja, halafu waseme. Na nyuma ya mwamba hataenda mtu. Ntawaambia mstari mzima: nikipiga mimi, haendi mtu kule."

Masouda akakaa kwenye kiti, akaanza kulia bila ya sauti, unga unamwingia machoni, anaufuta kwa unga mwengine.

Marhoon akasema, "Ntakwenda na wewe. Ntasimama nyuma yako, kama ada ilivyo."

"Hapana."

"Mpigaji, babake husimama nyuma yake."

"Usije, baba. Hilo ndilo ninalokuomba. Ukiwa nyuma yangu mimi siwezi." Alisema bila ya hasira, na hilo ndilo lililomchoma Marhoon zaidi; hasira angeipokea kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nisa..."

"Usiseme leo." Loai kainua kiganja. "Ukisema leo litakuwa ndani ya biashara hii. Sitaki liwe humo."

Muadhini akaadhini. Loai akairudisha bunduki juu ya shuka lake, akachukua mkebe, akaenda kutawadha.

Marhoon akaswali pale pale sebuleni, na katika sala hakujua kasoma nini. Akiiuza, mwanawe hataguswa tena na kile kitu, na yeye Marhoon atapata kwenda Idi na mikono mitupu, mtu wa kuhurumiwa, apishwe mahali, asukumiwe mto wa kuegemea. Na jicho la kijana litakaa ukutani kwa Hatem, watu wanakunywa kahawa chini yake. Akimpa, anaitia bunduki mkononi mwa mtu mwenye jicho moja, na mwenye kumpa ni yule yule aliyelitoa la kwanza. Litokee lolote, Masouda hatasema kudra. Na mahali pale mstarini, pale alipopasimamia na shavu lake miaka yote hiyo asiseme mtu kuwa yeye si wao, pasingekuwa pake tena. Alijiuliza lipi linamuuma zaidi, akaona aibu, kwa sababu hili la mwisho lilikuwa linauma sana.

Hatem alirudi, akasimama kizingitini bila ya kuvua viatu.

"Haiuzwi," akasema Marhoon.

"Ya Marhoon, nimetoka safari."

"Nnajua. Nisamehe."

"Utakuja nayo Idi?"

"Atakuja nayo Loai."

"Na wewe?"

"Mimi ntakaa na mama yake."

Hatem akatazama chini. "Watauliza."

"Waambie nimezeeka."

"Hujazeeka."

"Basi usiwaambie kitu. Waache wajue wenyewe."

Hatem akampa mkono, mkono wa kuagana tu, akaenda zake.

Masouda hakumsemesha Marhoon mpaka Idi. Kazi zote za nyumba zilikwenda kimya. Nyama ikatiwa viungo, ngano ya boko boko ikarowekwa, kanzu ya Loai ikapigwa pasi, na ya Marhoon ikapigwa pasi pia, ikatundikwa. Lakini neno hapana. Siku ya Idi, Loai aliondoka mapema na mtoto wa jirani aliyemwendeshea gari. Shuka lile lilikuwa kwapani. Masouda alimshika uso kwa mikono miwili akamsomea, akampulizia kwenye jicho zima. Marhoon alisimama kwenye ngazi. Loai akampa mkono akaubusu, kama mtoto yeyote anavyombusu babake mkono, akateremka.

Marhoon akaswali Idi msikiti wa mtaani, katikati ya watu wasiomjua, wengi wao wageni waliokuja kutafuta riziki, wakakumbatiana naye kwa furaha wakamwambia Idi mubarak. Akarudi. Akakaa. Kila simu ilipolia Masouda alisimama, na ilikuwa shangazi wa Sohar, au mtu kakosea namba. Aliyeshikilia mstari ule moyoni mwake siku nzima ni Marhoon: sasa wanapanga, sasa wanamtazama, sasa kainyanyua. Mara nyengine alimwona kaipata shabaha. Mara nyengine alimwona anatembea pole pole kainamisha kichwa.

Loai alirudi baada ya magharibi. Masouda alimfikia mlangoni kabla hajavua viatu, akampapasa uso, paji, kope, akaliona jicho liko salama, linapepesa. Hapo ndipo akatoa pumzi.

"Umepiga?" akauliza.

"Nimepiga."

"Wakasemaje?"

"Hawakusema kitu, mama. Walinitazama." Kisha akaongeza, "Nna njaa."

Akaipeleka bunduki chumbani kwake, akanawa mikono, akaja sebuleni. Masouda alikuwa ameshatandika mkeka na kuweka sinia: wali, nyama ya Idi iliyopikwa mpaka inaachana na mfupa, na achari ya ndimu. Marhoon alikuwa mahali pake. Hakuthubutu kusogea, kama mtu anayemwona ndege katua dirishani.

Loai akaangalia mkeka. Upande mmoja palikuwa na nafasi pana, angemkabili babake uso kwa uso. Akaipita. Akazunguka, akakaa karibu na Marhoon, bega kwa bega, mahali ambapo babake alikuwa kuliani kwake. Upande ule hakuna alichokuwa akikiona. Akasema bismillahi, akatia mkono katika sinia.

Walikula. Masouda aliuliza njia ilikuwaje, Loai akajibu magari mengi. Marhoon akatafuta katika nyama, akakipata kipande kizuri cha bavu chenye mafuta yake, akakitenga na mfupa kwa vidole, akakisogeza mbele ya mwanawe kama alivyokuwa akimsogezea tangu utotoni. Loai akala wali uliokuwa upande wake wa kushoto, akala nyama ya upande wa mamake, akalamba vidole, akasema alhamdulillahi. Kipande kilibaki pale pale mbele ya goti lake la kulia, mafuta yanaganda. Marhoon alikitazama, asijue kama hakikuonekana au hakikutakiwa, na hakupata ulimi wa kuuliza.